Vipandio Viwili vya Chini

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Najua ulikuwa mbioni kuniamkia, basi nimekupunguzia kazi.

Ati unataka kupanda gari la maji kutoka huko kambini jangwani mpaka mjini, safari ya siku nzima, ili unipigie simu? Usijisumbue. Masikio yangu yaliliwa na mashine za kufulia za hospitali, miaka yote ile niliyosimama kati yao. Ukinipigia nasikia mtu analia ndani ya ndoo. Barua haina kelele, tena naweza kuirudia. Andika, ila jitahidi na mwandiko. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa kama kuku kaparura.

Huku wazima. Dada yako kanenepa, anasema ni koti. Shemeji yako bado anaendesha lori la kiwanda cha shaba, na kwa sababu hiyo nyumba hii hatuthubutu kukisema kiwanda mpaka atoke kwenda kazini. Akishafunga mlango tu tunaanza, mimi huku juu na dada yako huko chini, na Kinyozi wa chumba cha mbele anaitikia akiwa na mkasi mkononi.

Maana lipo la kusema. Tangu wawashe lile bomba jipya la moshi, asubuhi inanuka kama mtu kakuwashia kiberiti puani. Mashuka niliyoanika wiki iliyopita yametoboka vitundu vidogo vidogo. Mimi, niliyefua mashuka ya wagonjwa nikastaafu bila kuchana hata moja, leo naonekana sijui kuanika! Kinyozi anasema mkasi akiusahau bila mafuta unaamka mwekundu.

Na ngazi yako imeanza kuota upele. Usishtuke, ni kidogo tu, pale kwenye mkono wa ngazi karibu na mlango wangu. Nikipitisha kiganja kinatoka na rangi ya udongo. Naiosha kila asubuhi kama siku zote, naanza juu nashuka, maji na brashi, masizi yote yanateremka mpaka uani. Lakini nimeona nikuulize mwenyewe uliyeichomelea. Nifanye nini zaidi?

Nikimaliza kuosha nakaa juu pale na chai yangu naangalia paa la hospitali wanakoanika. Wale wasichana wapya wa dobi, Cheche, wanabana shuka katikati. Katikati! Shuka hubanwa pembeni, kila mtu anajua. Nawapigia kelele hawanisikii, wakinijibu siwasikii, basi tunaishi kwa amani.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeandika kwa herufi kubwa kama watoto wa chekechea, usinilaumu tena.

Sasa hapa soma taratibu, hata mara mbili. ACHA KUMWAGA MAJI KWENYE NGAZI. Mama, nilidhani ulishaacha tangu siku nilipoondoka! Kila asubuhi ndoo nzima, halafu unaniuliza upele umetoka wapi? Chuma na maji hawakai nyumba moja. Njoo uone huku. Kuna mabomba yamelala mchangani tangu sijaota ndevu, na hayana kutu hata ya dawa, kwa sababu huku hakuna mvua, hakuna umande, hakuna mtu mwenye ndoo. Moshi ni moshi tu. Unachafua, unanuka, unakera, lakini chuma hauli. Kinachokula chuma ni maji.

Mwenzangu mmoja anarudi likizo, nimempa kitu kidogo akuletee. Mwite fundi wa bati aezeke paa juu ya ngazi yote, kuanzia mlangoni kwako mpaka chini, mvua isiiguse. Wewe ukitaka sana kufuta, futa kwa kitambaa kikavu. Ndoo iweke chini, tafadhali. Umefua maisha yako yote, sasa pumzika.

Usinicheke, lakini ngazi ile si ngazi tu kwangu. Unakumbuka geti nililomtengenezea jirani likamwangukia mbuzi wake? Unakumbuka kile kitanda? Mtaa mzima ukaniita Kazi Bure, mpaka watoto. Siku niliyomaliza ngazi ulipanda wewe wa kwanza, ukawa unaruka kwa miguu miwili juu ya kila kipandio, kishindo mpaka barabarani, halafu ukasimama kule juu ukapaza sauti, "Haya, nani tena Kazi Bure?" Watu walicheka, na kuanzia siku ile wakaanza kuniita Cheche. Ni kwa ngazi ile nimepata kazi hii, maana bosi aliyenichukua aliiona ndipo akaniuliza nani kachomelea.

Ukiitunza nilivyokwambia, ngazi ile itatuzika sote.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 2 Mei

Cheche,

Paa limeezekwa. Fundi wa bati ni mtu wa maneno mengi, kapiga misumari kidogo na hadithi nyingi. Bati limekuja pungufu, halikufika chini kabisa. Vipandio viwili vya mwisho vimebaki nje kwenye mvua. Nikamwambia mwanangu amesema mpaka chini. Akaniambia, "Mama, hivyo viwili hata vikifa, si utaruka tu?" Nikamwacha aende zake.

Ndoo nimeiweka chini. Umesema, na wewe ndiye fundi. Sasa nimpe nani ushauri wangu wa sabuni?

Ila nikwambie ukweli, asubuhi zimekuwa ndefu. Naamka, mikono inaitafuta ndoo yenyewe. Nimekaa kizingitini kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikiosha ngazi kila apitaye hunisalimu, tunaulizana ya nyumbani, nami najua nani mgonjwa na nani kajifungua. Mtu aliyekaa tu na kikombe watu humpita, wanadhani anawaza.

Chini ya bati vumbi linalala. Jeusi, laini, la kunata. Paka wa dada yako akipanda, nyayo zake zinabaki wiki nzima, naweza kukuandikia kila alipokwenda. Nafuta kwa kitambaa kikavu, lakini kitambaa kinalisukuma tu pembeni, linaingia kwenye kona ulizochomelea. Alfajiri umande ukishuka linakuwa tope. Nimeona nikuambie tu, silalamiki.

Wale wasichana sasa wanabana pembeni. Sijui nani kawaambia. Shuka moja bado waliliacha limejikunja, lakini tusiwe wachoyo.

Mama yako


Tarehe 19 Julai

Ndugu yangu Cheche,

Ni mimi dada yako. Sina kawaida ya kukuandikia, najua, ukiona mwandiko wangu utadhani kuna msiba. Hakuna. Lakini nina jambo, na nimelibeba moyoni tangu mvua zilipokwisha.

Mwaka umepita na zaidi tangu lile paa la bati liwekwe. Jiko langu liko chini ya ngazi, unajua. Siku hizi nikipika inabidi nifunike kila kitu, maana kutoka juu yanadondoka magamba. Si vumbi, Cheche, ni magamba, kama ya samaki, mekundu upande mmoja na meusi upande mwingine. Mama akishuka ndiyo zaidi. Juzi nimeokota moja refu kama kidole changu. Mume wangu amelitazama akasema malori yao kule kiwandani yanafanya vivyo hivyo, milango inaoza kuanzia ndani, na meneja amewaambia ni uzembe wa madereva. Akishasema hivyo hasemi tena, maana ugali wetu unatoka huko.

Nimemwomba Mama ashuke akae na sisi huku chini, chumba cha nyuma kipo, kina dirisha. Amekataa. Nikamwambia basi turudi kuosha kama zamani, angalau tuone chuma kikoje. Amenijibu, "Fundi amekataza." Nikamwambia fundi yuko mbali. Akanitazama kama nimemtukana mtu.

Anakusikiliza wewe tu. Mwandikie ashuke. Au mwambie tuitoe hiyo ngazi kabla haijajitoa yenyewe. Nakuomba kwa roho safi.

Dada yako


Tarehe 6 Agosti

Dada,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili ili nisije nikakuonea.

Magamba ni rangi ya zamani, Dada. Rangi huzeeka, hubanduka. Ungepika ndani ungeyaona wapi? Mimi nashinda juu ya matangi makubwa kuliko mtaa wetu wote, vyuma navijua. Sasa wewe, ambaye hata kisu cha jikoni unanipa nikunolee, ndiyo umekuwa mkaguzi?

Na tusidanganyane. Najua binti yako anatafuta mahali pa kuanzia maisha na huyo mchumba wake. Chumba cha juu kina upepo, kina mlango wake, kina ngazi yake. Mama akishushwa chumba cha nyuma, cha juu kitakuwa cha nani? Mimi niko mbali lakini sijafa.

Mwambie Kinyozi anunue rangi, ya mafuta, nzito, apake ngazi yote mara mbili. Yakiisha hayo magamba, yaishe na maneno.

Mdogo wako,
Cheche


Tarehe 30 Agosti

Cheche,

Ngazi ni ya kijani! Kinyozi kapaka yeye mwenyewe, kafunga saluni kutwa, na alipomaliza nywele zake zilikuwa za kijani upande mmoja. Nikamwambia ajinyoe, akasema hana fundi anayemwamini.

Nilitaka tuikwangue kwanza, lakini Kinyozi akasema barua yako imesema kupaka tu. Basi tumepaka juu ya kila kitu. Inang'aa. Ukisimama barabarani ungeapa ni mpya.

Sasa nikugombeze kidogo. Dada yako alipanda huku juu na macho mekundu, akakaa kitandani kwangu, kisha akashuka. Sikuuliza. Nilikuta barua yako kwenye meza yake, na mimi ni mama yenu, nikaisoma. Umemkosea, Cheche. Binti yake anaolewa anahamia kwa mumewe, mbali, na hakuna aliyeomba chumba. Dada yako alipokuwa msichana alikubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda upande. Mwombe radhi, tena upesi, usingoje mpaka mtazamane.

Mimi sijambo. Magoti yananisema lakini nayanyamazisha. Kipandio kimoja cha juu hatukupatana, kwa hiyo nakiruka, naruka kama msichana anayecheza. Mambo ya wazee, usiulize.

Mama yako


Tarehe 22 Septemba

Shikamoo Mama,

Dada nitamwandikia, nakuahidi. Nikipata nafasi nitakaa nimwandikie vizuri.

Hapa mambo yamenoga. Wamenipa watu wa chini yangu, nasimamia, sichomelei sana. Mkataba ulikuwa uishe, lakini wameniomba niongeze, nimekubali. Usinune. Nikirudi narudi moja kwa moja, na la kwanza nitakalofanya ni kupanda ngazi ya kijani mpaka juu ninywe chai ukiwatukana wasichana wa hospitali.

Nimecheka peke yangu kitandani uliposema unaruka kipandio kama msichana. Nimewasomea wenzangu, wote wanataka mama kama wewe. Endelea kuruka hivyo hivyo.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 9 Juni

Cheche,

Nilipiga simu ofisi yenu ya mjini, wakaniambia watakufikishia ujumbe. Kama walikufikishia sijui, kwa hiyo naandika.

Mama ameanguka. Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa jikoni, nikasikia kitu kama mtu anapasua kuni mbichi, kisha Mama akawa ameshika mkono wa ngazi, miguu inaning'inia, na mkono wa ngazi nao ukakatika. Ameangukia uani kwa ubavu. Nyonga imevunjika. Wamemfunga, wamemlaza, juzi wamemruhusu. Yuko chumba cha nyuma, kile chenye dirisha. Daktari amesema atakaa, pengine atasimama kwa kushikiliwa, lakini kupanda asahau.

Alipoulizwa hospitali amesema aliteleza. Aliteleza kwenye nini, Cheche? Kulikuwa kukavu. Nimemwambia Mama kipandio kimepasuka, nimekiona, akaniambia, "Wewe ulikuwa unapika, uliona nini? Nimeteleza." Kinyozi alipofungua mdomo akamkata jicho moja, akaufunga. Naandika haya hajui.

Mume wangu na Kinyozi wameikata ngazi yote, wameishusha. Ndani ya rangi hamna kitu. Kinyozi amepitisha kidole kwenye kipandio cha juu kama unavyotoboa karatasi. Hata mwaka haujatimia tangu tuipake. Mume wangu amekaa chini uani akatazama lile bomba la kiwanda muda mrefu, kisha akaenda kazini.

Ila kuna kitu sikielewi, nakuuliza wewe fundi. Vipandio viwili vya chini, vile ambavyo bati halikufika, vimelowa kwa kila mvua tangu siku ile. Vina kutu kidogo juu juu, rangi imebanduka, sura mbaya. Lakini mume wangu amevipiga nyundo vinalia kama kengele. Havijali. Kwa nini vilivyonyeshewa ndivyo vizima, na vilivyofunikwa ndivyo vimeoza?

Chumba cha juu sasa hakifikiki. Kinyozi amepanda kwa ngazi yake ya mbao akaniteremshia nguo za Mama na kikombe chake. Mlango tumeufunga.

Ile barua ya Agosti sijaisahau, lakini leo sina nguvu nayo. 

Dada yako


Tarehe 28 Juni

Dada yangu,

Ofisi hawakuniambia kitu. Barua yako ndiyo iliyonipa habari, nikiwa nimesimama nyuma ya gari la maji linaloleta barua na watu wananisukuma wapate zao. Nimeomba kuondoka siku hiyo hiyo. Wamesema mpaka mtu wa kushika nafasi yangu afike. Nimegombana, nimepiga meza, nimebembeleza. Nangoja.

Swali lako limeninyima usingizi. Huku kuna mzee anayekagua matangi, mkali, haongei na mtu. Nilimfuata na barua yako nikamsomea pale kwenye vipandio viwili. Hakuniacha nimalize. Akaniuliza, "Nani aliyeweka paa?" Nikamwambia ni mimi. Akavua miwani akaifuta, ndipo akanieleza.

Dada, moshi ule unakula chuma. Unapotua pamoja na masizi unakaa juu ya chuma kama tindikali iliyokauka, unangoja maji kidogo tu. Si mvua. Mvua ni nyingi, inauosha, inaondoka nao. Ni umande. Umande unaulowesha bila kuusafirisha, basi unakula usiku kucha, asubuhi unakauka, usiku unaofuata unaanza tena. Chini ya paa hakuna mvua ya kuosha, lakini umande upo. Na kwenye zile kona Mama alizoniandikia, ambako kitambaa kilisukuma vumbi, ndiko ulikoshinda. Rangi tuliyopaka juu ya uchafu iliufungia ndani.

Mama aliniandikia yote hayo, Dada. Vumbi la kunata, tope la alfajiri. Barua zake ninazo hapa. Yeye alikuwa anaeleza ugonjwa na mimi nasoma hadithi ya paka.

Ile ndoo yake ndiyo iliyokuwa inaishikilia ngazi. Kila asubuhi alikuwa anaondoa sumu kwa mikono yake, na mimi nikamwandikia kwa herufi kubwa aache. Kwa sababu huku jangwani, ambako hakuna kiwanda wala umande, vyuma havina kutu, nikadhani nimeelewa kila kitu.

Na wewe uliniambia, nikakutukana. Sikukuomba radhi hata Mama aliponiambia. Kila siku nilisema kesho. Roho inaniuma, Dada, sina namna nyingine ya kusema. Nisamehe, na kama huwezi sasa, ngoja nije uninyime nikiwa nimesimama mbele yako.

Jambo moja nakuuliza. Nimwambie Mama? Amejitahidi kunificha, nikimwambia najua nitamvunjia kitu kingine tena. Nisipomwambia, atakufa akidhani ndoo yake ilikuwa ujinga. 

Mdogo wako,
Cheche


Tarehe 15 Julai

Cheche,

Mwambie. Nimechoka kuishi katika nyumba ambayo kila mtu anamfunika mwenzake.

Radhi nimekupa. Usije ukaniletea kitenge cha kunibembeleza. Leta viwili.

Dada


Tarehe 2 Agosti

Shikamoo Mama,

Najua hukuteleza.

Najua kipandio ulichokuwa unakiruka ni kile kile. Nimejua na sababu yake, na sababu yake ni mimi. Maji yako yalikuwa yanaiponya ngazi, paa langu ndilo lililoiua. Moshi ukiachwa juu ya chuma unakula. Ukioshwa unaondoka. Ni hivyo tu, Mama, kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kufua nguo angenieleza, na aliyefua kuwapita wote nilimwambia aweke ndoo chini.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sina maneno mazuri. Ulikuwa na haki na nilikunyamazisha, na sasa huwezi kupanda kukaa mahali ulipopapenda. Nisamehe.

Mtu wa kushika nafasi yangu amefika jana. Narudi, na sitaongeza mkataba wowote. Nikifika nitakujengea nyingine, ya chuma kilichopakwa zinki, na sitaifunika.

Mwanao


Tarehe 20 Agosti

Mwanangu Cheche,

Marahaba.

Dada yako alinisomea barua yako kwa sauti, kwa vile miwani imebaki juu na Kinyozi hakuiona. Alipofika pale pa kufua nguo akalia, ikabidi nimalizie kukisia. Hii nakuandikia mwenyewe kwa kupapasa, ukikuta mistari imepanda milima ujue ni hivyo.

Sasa nisikilize. Unasema hukujua. Ni kweli, wewe hukujua. Mimi nilijua.

Sikujua habari za tindikali na nini. Lakini mvua za mwaka ule wa kwanza zilipokwisha nilishuka, nikaona vipandio viwili vya chini ni vizima na vya juu yake vimevimba. Mwanamke aliyefua hospitali anajua tofauti ya kitu kilichooshwa na kitu kilichofutwa. Nikapanda, nikajaza ndoo, nikasimama nayo mlangoni. Kisha nikaimwaga kwenye maua.

Unataka kujua kwa nini? Nilisema moyoni, nikimwandikia Cheche kwamba paa lake ndilo linaloiharibu, atajiona tena Kazi Bure. Yuko peke yake mchangani huko, ndiyo kwanza amepata watu wa kumheshimu. Nikaona afadhali niruke kipandio. Mguu wangu mzee, jina lako jipya. Nikauona ni mchezo mzuri, hata nikakuchekesha kwa barua.

Upumbavu gani, Cheche! Kwani ungekufa kwa kukosea ngazi? Ungenuna wiki moja, ungeniandikia kwa herufi kubwa, ungesema toeni hilo paa. Leo ningekuwa juu. Wewe ulikosea kwa kutojua, mimi kwa kukudekeza, na dada yako aliyesema kweli tukamfanya mchawi. Hilo la dada yako ndilo linaloniuma kuliko nyonga.

Ngazi nyingine usinijengee. Mjengee dada yako, apangishe chumba. Mimi juu sitapanda tena, na usianze kunipamba kwa matumaini. Vile vipandio viwili nimekataza visiuzwe. Shemeji yako ameviweka uani karibu na kiti changu, na kila asubuhi dada yako ananisogezea ndoo, naviosha. Havihitaji. Lakini watu wanapita tena wananisalimu.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Huku chini siioni hospitali. Dirisha la chumba cha nyuma linatazama ukuta, na nimemuuliza Kinyozi wale wasichana wanaanikaje, akaniambia, "Vizuri tu, Mama, vizuri sana," bila hata kupanda kuangalia. Kila mtu siku hizi ananijibu vizuri tu.

Basi ukifika, weka mzigo chini, chukua ngazi ya mbao ya Kinyozi, panda mpaka pale mlangoni kwangu, uangalie paa la hospitali. Kisha shuka uniambie vibanio viko wapi. Kama ni katikati, sema katikati.

Mama yako